Mwandishi Huyu Ni Nani Hata Nimsome?

Waliosema chema chajiuza hawakuwahi kusimama juu ya meza ya mitumba jua la saa nne, watu wanapita kama maji ya mfereji, na mkononi umeshika koti zuri kuliko yote sokoni ambalo hakuna anayelitupia jicho. Mnada alisimama juu ya meza hiyo tangu ujana wake. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Sokoni alikuwa Mnada, na ukimuulizia kwa jina jingine ungeambiwa mtu huyo hayupo. Alikuwa na sauti ya kugeuza shingo ya mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Wewe mwenye shati la bluu! Hilo shati linakudhulumu, njoo nikutetee!"

Na mwenye shati la bluu alikuja akicheka, akaondoka amevaa jingine.

Kisha sauti ikamkimbia. Ilianza kukwaruza, ikawa kama redio iliyonyeshewa, mwisho ikabaki pumzi tu. Daktari wa koo alimmulika, akachungulia, akasema nyuzi za sauti zimeota sugu kama viganja vya mpasua kuni. Aongee taratibu, asipaze tena.

"Mpaka lini?" Mnada alinong'ona.

"Mpaka basi."

Hakulia. Alirudi sokoni, akamkabidhi wifi yake meza kwa mapatano yaliyoeleweka, maana meza isiyo na sauti ni mbao tu. Wifi naye hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mimi nakupenda," alisema, "lakini hapa usikae. Ukiwanong'onezea wateja watadhani tunauza vitu vya wizi."

Ndipo Mnada akajua kwamba kazi aliyoijua maisha yake yote imemfungia mlango, na kazi nyingine hana.

Juu ya soko, ghorofa ya kwanza, palikuwa na vyumba viwili vya mchapishaji wa vitabu. Mwenyewe aliitwa Mhariri, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye kwa miaka alikuwa akishuka ngazi kulalamika. "Mama, nasahihisha riwaya kule juu. Kila mpenzi akifungua mdomo namsikia anasema suruali, suruali, suruali!" Mnada alikuwa akimuuzia suruali, anapanda nayo.

Kelele zilipokoma, Mhariri alivumilia kimya kwa muda, kisha akashuka kuuliza kama yule mama amefariki.

"Sijafa," Mnada alinong'ona. Alikuwa amekuja tu kuchukua fungu lake kwa wifi. "Nimeishiwa sauti. Sasa unalalamika nini? Si ulitaka kimya?"

"Kimya nimekipata. Wasomaji ndio sijawapata."

Akampandisha juu akamwonyesha tovuti yake kwenye kompyuta. Vitabu vilipangwa vizuri, picha zilikuwa safi, na chini ya kila kitabu palikuwa na wasifu wa mwandishi. Watu walikuwa wanaingia, alisema, lakini wanapita kama wapita korido ya hospitali, macho mbele, wanatoka. Kwa kila kitabu aliweka kurasa chache za kuonja, bure. Hakuna aliyeonja.

Mnada alisoma wasifu mmoja, akasoma wa pili, akasoma wa tatu.

"Hawa wote ni mtu mmoja?"

"Mtu mmoja vipi? Ni waandishi mbalimbali!"

"Mbona wote walizaliwa, wakasoma, wakapata shahada, na wanapenda kusafiri? Hata mimi nilizaliwa, Mzee. Hakuna aliyewahi kununua koti kwa sababu lilishonwa."

Mhariri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa kusikia, hilo lazima aandikiwe.

"Ungeandikaje wewe?"

Hapo Mnada aliinusa biashara. Alivuta kiti bila kukaribishwa. "Nipe meza na hiyo mashine mpaka shule zifunguliwe. Niandike upya hizi wasifu zote. Watu wakianza kutoka kwenye wasifu kwenda kuonja kitabu, nabaki hapa, kazi yangu hii. Wasipoanza, nashuka ngazi mwenyewe, usihangaike kunisindikiza."

"Ukishuka utakwenda wapi?"

"Hilo halimo kwenye mapatano."

Walikubaliana. Wote wawili walijua kwamba chini ya zile ngazi hapakuwa na kitu kinachomngoja.

Alichapa kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa, lakini kabla ya kuchapa alipiga simu. Na hapo aligundua jambo ambalo daktari hakumwambia. Mtu mwenye sauti kubwa watu humsogelea ili wamcheke, ila mwenye mnong'ono watu humsogelea ili wasikie. Waandishi waliokuwa wakimjibu Mhariri kwa mkato walibana simu sikioni, wakaanza kunong'ona na wao.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtunzi wa hadithi za watoto, aliyekuwa ametuma orodha ya vyeti vyake kuanzia cha msingi.

"Mwalimu, vyeti nimeviona, hongera. Sasa niambie, wanafunzi walikuitaje?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kila mwalimu ana jina la nyuma ya mgongo."

Mwalimu alikohoa. "Bwana Kasoro. Sikuwahi kumpa mtoto mia kwa mia. Niliona dhambi."

Mnada alifuta vyeti vyote. Aliandika: *Wanafunzi walimwita Bwana Kasoro, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu alama mia kwa mia. Alipostaafu alianza kuwatungia wajukuu wake hadithi, na kila jioni wao humpa alama. Mpaka sasa ya juu kabisa ni tisini na tisa.*

Mwalimu alitaka angalau cheti kimoja kirudi. Walivutana siku mbili. Mnada alimwachia mwaka mmoja wa mafunzo, mwalimu akamwachia yaliyobaki. Haikupita wiki Mhariri akaja mezani kwake na uso wa mtu aliyeokota pochi: wazazi walikuwa wanaonja zile hadithi, na mmoja aliandika kuuliza ni wapi wale wajukuu walikata ile alama moja.

Ikaendelea hivyo. Wengine waliitika, wengine walinuna. Mshairi mmoja alimwambia kwamba wasifu wake si nguo ya kujaribiwa barabarani, akakata simu. Hesabu ya wanaoonja ilipanda kidogo, ikasimama, ikapanda tena kidogo. Haikutosha. Mhariri alianza kutazama kalenda ya ukutani zaidi ya alivyoitazama kompyuta, na Mnada hakuwa kipofu. Alihitaji mwandishi mmoja wa kuvuta umati.

Ndipo akaufikia wasifu wa Fundi.

Riwaya yake ilikuwa imekaa kwenye tovuti mwaka mzima bila kuguswa. Kwenye wasifu alikuwa amejiandika *mwanafikra, mshairi wa nafsi na mtafiti wa hali ya binadamu*. Chini yake aliacha anwani na simu ya duka la vitasa. Mnada hakupiga simu. Alibeba mkoba akaenda.

Lilikuwa duka jembamba kati ya duka la dawa na mtu wa fotokopi, ukuta mzima umening'inizwa funguo, na mashine ya kuchonga funguo inalia kama nyigu. Aliyeshika mashine alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kukinga chuma.

"Namtafuta mwandishi."

Mwanamke alizima mashine ili acheke vizuri. "Mwandishi! Dada, hapa kuna fundi vitasa, mume wangu. Huyo mwandishi hukaa ndani ya kichwa chake, kodi halipi."

Fundi alitokea nyuma na bisibisi mkononi, mwembamba, anaona haya.

"Fundi," Mnada alinong'ona, "huyu mtafiti wa hali ya binadamu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na hivi vitasa?"

"Vya watu." Alimvuta pembeni. "Dada, nakuomba, kufuli usiiandike. Miaka yote nikijitambulisha kuwa ni fundi kufuli, mtu wa kwanza anafanya nini? Anashika mfuko. Nataka mahali pamoja tu duniani mtu asome jina langu asishike mfuko."

"Anayeshika mfuko amesimama, Fundi. Anayepita hashiki chochote. Mwaka mzima wamekupita."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mke alikuwa upande wa Mnada, kwa sauti. Mwisho Fundi alikubali kwa sharti moja, kwamba picha yake isiwe na funguo nyuma. Siku hiyo hiyo Mnada aliandika: *Kwa miaka mingi amewafungulia milango watu waliojifungia nje. Huja na mkoba mmoja, hufungua bila kuvunja, na hajawahi kuondoka na hata kijiko cha mtu. Hii ni riwaya yake ya kwanza.*

Umati ulikuja. Mhariri hakuwahi kuona kitu cha namna ile, watu walisimama kwenye ule wasifu, wakautuma kwa wenzao, wenzao wakautuma kwa wengine. Asubuhi ya kwanza alimletea Mnada chai kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi ya pili alimletea ujumbe walioandika wasomaji, na hiyo siku chai haikuja.

*Niko mlangoni kwangu na ufunguo uko ndani, huyu bwana anafika saa ngapi?*

*Tuna kabati la marehemu baba, ndugu wanagombana, aje haraka.*

*Je, anafungua na magari?*

*Jirani yangu amesafiri. Nataka kuangalia kitu kidogo tu kwake.*

"Huyu wa jirani tumpeleke polisi au tumwache?" Mhariri aliuliza.

"Kurasa za kuonja je?"

"Hakuna. Umeniletea watu wenye milango, Mama. Wenye macho ya kusoma hawamo."

Mchana Fundi mwenyewe alipanda ngazi, mkoba begani, jasho usoni. "Ondoa! Simu hailali! Tangu juzi sijaandika mstari mmoja. Mke wangu ndiye anafurahi, anasema biashara haijawahi kuwa hivi. Mimi biashara ninayo tangu zamani, dada. Nilichokuja kutafuta kwenu ni msomaji. Mmoja tu angenitosha!"

Mnada alifungua mdomo amtulize, Mhariri akamtangulia kwa swali la upole, bila mtego wowote.

"Mama, riwaya yake uliionaje?"

Mnada aligeukia jalada la riwaya kwenye kompyuta. Fundi alimtazama. Mhariri alimtazama.

Kumbe hakuisoma. Wala ile ya mwalimu. Wala hata moja. Sokoni robota la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa, na huuzwa likiwa limefungwa, na mchuuzi hodari ni yule anayekushawishi kwa pindo la shati lililochungulia pembeni. Alikuwa amewauza waandishi wote kwa pindo. Wengine bahati iliwabeba, pindo likafanana na yaliyomo. Kwa Fundi alining'iniza vitasa nje, na mteja siku zote huuliza kile alichokiona kimening'inia.

"Ondoa ule wasifu," alimwambia Mhariri. "Fundi, nipe siku moja."

"Na shule zinafunguliwa Jumatatu," Mhariri alisema, akiangalia sakafu.

"Najua kusoma kalenda."

Alichukua riwaya, akaketi. Hakuwa msomaji wa riwaya, alianza kwa kinyongo kama mtu anayehesabu vifungo. Ilikuwa hadithi ya mume na mke waliojenga nyumba kwa shida, kisha wakaacha kuongea. Hawakuachana, waligawana. Kila mmoja chumba chake na kitasa chake, jikoni wanapishana kama majirani wasiojuana. Katikati ya kitabu mume anamwita fundi aje afungue chumba cha mke. Hapo Mnada aliacha kuhesabu vifungo. Wifi yake alipanda kumletea chakula, akakiacha mezani, akaja kukichukua kikiwa hakijaguswa. "Unaumwa?" aliuliza. Mnada alimwashiria atoke.

Kesho yake asubuhi alimkuta Fundi kazini, kwenye nyumba ya jirani na duka lake, amepiga goti mbele ya mlango, na mama mwenye mtoto mgongoni anangoja. Kitasa kilitoa mlio mdogo. Fundi alisukuma mlango kidogo tu, akasimama, akageuka akaupa mgongo. Mama aliingia. Fundi alibaki anatazama barabara.

"Kwa nini umegeuka?" Mnada aliuliza.

"Mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuona ndani. Huenda kitanda hakijatandikwa. Huenda kuna kitu. Sio changu."

"Na yule fundi wa kwenye kitabu, aliyeitwa kufungua chumba cha mke. Ni wewe."

Fundi alianza kupanga nyaya zake kwenye mkoba, polepole mno kwa mtu mwenye wateja. "Ni mimi. Mume alikuwa amesimama nyuma yangu. Mke alikuwa ndani, mzima, nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Akasema, 'Fundi, usifungue.' Sikuwahi kuambiwa hivyo na mlango wowote."

"Ukafungua?"

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Nimemaliza. Nakuuliza wewe, sio kitabu."

"Basi ulichosoma ndicho jibu. Sijamwambia mtu mwingine. Hata nyumbani."

Mnada alihisi vidole vyake viwili vinawasha. "Hilo ndilo nataka kuandika."

"Hapana. Fundi anayesimulia milango ya watu, kesho haitwi."

"Lakini kitabu umekiandika."

"Nilimwomba yule mama wa chumbani ruhusa kabla sijaanza. Akasema niandike, ila nisitaje nyumba ilikuwa wapi, na nisimfanye mumewe kuwa mbaya kuliko alivyokuwa."

"Basi bei imeshapangwa, na mwenyewe. Mimi sitaongeza hata shubiri. Sitaji mtaa, sitaji mwaka, mume simgusi. Na vitasa naviacha mstari mmoja tu, ili watu wajue uliingiaje humo. Simu ya duka naitoa kabisa."

Fundi alifikiria. Alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua. "Na mtafiti wa hali ya binadamu?"

"Hapana."

"Nusu yake?"

"Fundi!"

"Haya."

Waliingia dukani, Mnada akaandika kwenye simu yake palepale juu ya kaunta, akamnong'onezea asikie: *Ni fundi wa vitasa. Siku moja aliitwa kufungua mlango wa chumba ndani ya nyumba. Aliyemwita alisimama nyuma yake. Aliyekuwa ndani alimwambia, "Fundi, usifungue." Alichokifanya pale hajamsimulia hata mke wake. Alikwenda kuandika riwaya.*

Mashine ya funguo ilikuwa imezimwa kitambo, na mke wa Fundi alikuwa amesogea.

"Hajamsimulia mke wake nini?"

Fundi alitazama dari.

"Nakuuliza wewe, Baba! Mlango gani? Nani alikuwa ndani? Mwanamke?"

"Imo kitabuni," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Kitabu hicho nimekiwekea sufuria mwaka mzima!"

Alivua miwani ya kukinga chuma, akaenda nyuma, akarudi na riwaya yenye duara la masizi kwenye jalada. Akakaa kwenye kigoda. Mteja aliingia na ufunguo wa kuchongesha, akaambiwa angoje. Akaingia wa pili. Mke wa Fundi alilowesha kidole, akafunua ukurasa, hakuinua kichwa. Fundi alibaki amesimama katikati ya duka lake, anamtazama mtu anasoma kitabu chake, na mikono hajui aiweke wapi.

Mnada aliutuma wasifu kwa Mhariri kabla hajatoka pale. Alishauona unafanya kazi, tena kwa mteja mgumu.

Jumatatu watoto walipita chini ya dirisha na sare zilizopigwa pasi. Mhariri aliwasha kompyuta, Mnada amesimama nyuma yake kama anayengoja majibu ya maabara. Umati haukuwa mkubwa kama ule wa milango, haukufika hata nusu. Lakini waliokuja walishuka mpaka chini ya wasifu, wakafungua kurasa za kuonja, na wengi walizimaliza. Wachache walikuwa wameagiza kitabu. Mtu mmoja bado alikuwa anauliza kuhusu magari. Wengine waliandika neno lile lile kwa namna tofauti: *Alifungua? Jamani, alifungua au hakufungua?* Na mmoja aliyekwisha kusoma aliwajibu wote: *Someni wenyewe, mimi siwaambii.*

"Huyo sijamlipa," Mhariri alisema, anacheka peke yake. Kisha akageuka na kiti chake. "Baki, Mama. Kazi ni yako. Anza na wale wengine waliobaki, nitakuletea karatasi zao."

Mtu mwingine angeshukuru akakaa. Mnada alikaa, lakini shukrani aliiweka akiba kwanza.

"Karatasi zao sizitaki. Nitasoma kitabu kwanza, chote, kisha nimfuate mwandishi anakofanyia kazi. Ndipo niandike. Hata zile nilizoandika bila kusoma nitazirudia, nikianza na mwalimu."

"Chote? Vingine ni vinene!"

"Basi chapisha vyembamba."

"Na mwandishi akikataa kuonekana?"

"Abaki na shahada zake na safari zake. Sitamlazimisha. Atakuja mwenyewe akiona mwenzake anasomwa."

Mhariri alijaribu kumshusha. Alitaka wasifu mmoja kila siku, Mnada akasema mmoja kwa wiki. Akasema basi mbili, Mnada akasema mmoja na robo, na robo hiyo ni zawadi. Walipigana hivyo mpaka wote wawili wakawa wanafurahia, mmoja ananong'ona na mwingine anapayuka, na aliyenong'ona ndiye aliyeshinda, au karibu. Waliafikiana wasifu tatu kwa wiki mbili.

Mhariri aliinuka, akatoa rafuni kitabu kinene cha yule mshairi aliyekata simu, akakiweka mbele yake kwa kishindo, kama mtu anayelipiza.

Mnada alikipima kwa mkono, akakunja uso, akavuta kiti kwenye mwanga. Alianza ukurasa wa kwanza. Mhariri alipouliza kama aletewe chai, alimwinulia kidole bila kutazama juu: angoje kwanza, kuna kitu hapa.